Kompyuta ya Ex-UK Ikikataa Kuwaka: Dhana Potofu Kuhusu BIOS, na Ukweli Wake

Kompyuta nyingi za ex-UK (zilizotumika Uingereza) zinazouzwa Kisumu zilianza maisha yao katika ofisi za watu wengine. Zinafika zikiwa nzima, na bei yake inamfaa mwanafunzi au shule ya kijijini, ila zinakuja na mipangilio ya ofisi ileile: matundu ya USB yamefungwa, nywila ya msimamizi haijaondolewa, na mashine imeagizwa itafute mfumo endeshi, kama Windows, kwenye mtandao kabla ya kutazama diski yake yenyewe. Mnunuzi anaiwasha nyumbani Nyalenda au Manyatta, anaona maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, na hukumu inatolewa papo hapo: hii imekufa. Mara nyingi haijafa. Imefuata orodha iliyopewa, ikafika mwisho wake bila kupata kitu.

Ushauri unaozunguka mitaani kuhusu jambo hili si uongo mtupu. Ni kweli nusunusu, na hizo nusu ndizo zinazowafanya watu wanunue diski wasiyoihitaji.

“Windows imeharibika, kwa hiyo hata BIOS haitafunguka”

BIOS haikai kwenye diski. Ni programu ndogo iliyo ndani ya chipu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na imekuwa hapo tangu IBM ilipotoa PC yake ya kwanza mwaka 1981. Stima ikiingia, yenyewe ndiyo huamka kwanza: inakagua RAM (kumbukumbu ya muda), kibodi na kadi ya picha, kisha inashuka kwenye orodha ya mahali pa kutafuta mfumo. Windows huja mwisho kabisa. Ndiyo maana unaweza kuing'oa diski, ukawasha kompyuta, na bado ukaingia BIOS kama kawaida. Hata kama Windows ni nzima, jaribio hilo lina faida yake: ukiingia vizuri bila diski, lakini ukiirudisha mashine inaganda kwenye nembo ya kampuni, basi shuku diski au kebo yake.

“Bonyeza F2”

Kwa Dell, sawa. F2 hufungua BIOS, na F12 huleta menyu ya kuchagua mahali pa kubuti (kuanzisha mfumo) mara hii moja tu. Kwa HP ni F10 na F9, na kwenye nyingi ukigonga Esc unapewa orodha ya vitufe vyote. ThinkPad hutaka F1, na F12 kwa menyu. Zile za zamani zina kitufe cha buluu juu ya kibodi kinachofanya kazi hiyohiyo. Acer hutumia F2, ila menyu yake ya F12 mara nyingi huwa imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe ndani ya BIOS, na hapo ndipo watu hugonga F12 mpaka vidole vichoke. Kompyuta za mezani zilizoundwa kwa vipande, karibu zote ni Delete.

Lakini kitufe sahihi hakitoshi. Gonga mara kwa mara tangu sekunde ya kwanza, usisubiri nembo itokee. Skrini kuukuu, hasa ya VGA, huchelewa kuamka. Inapoanza kuonyesha kitu, nafasi imeshapita. Ukiwa na televisheni badala ya skrini ya kompyuta ndiyo mbaya zaidi.

Kibodi nayo. Ya Bluetooth haitakusaidia hapa, maana hakuna kilichoamka cha kuzungumza nayo. Chomeka ya waya, kwenye tundu jeusi la USB nyuma ya kasha. Mashine nyingine mpangilio wake wa USB umezimwa kiasi kwamba kibodi ya USB haisikiki hata kidogo mpaka Windows ifunguke. Hapo tafuta ile kibodi ya zamani yenye kichwa cha mviringo cha zambarau. Ndiyo, ile watu waliyoitupa.

Na kama Windows bado inawaka, ujue kwamba kuanzia Windows 8 amri ya kuzima haizimi kila kitu. Inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake upesi. Chagua Restart badala yake, au shikilia Shift unapobofya Shut down.

“Imeandika ‘check cable’, kwa hiyo kebo ya diski imekatika”

Mwalimu mmoja kutoka upande wa Maseno aliletewa kompyuta za msaada shuleni. Zote ziliandika “PXE-E61: Media test failure, check cable”. Fundi wa kwanza aliyeitwa alimwambia, “Mwalimu, hizi kebo zimeisha, na diski pia sina imani nazo.” Akaandika bei.

Maneno hayo hayahusu diski hata kidogo. PXE ni njia ya kubuti kupitia mtandao, na kebo inayotajwa ni ya mtandao, ile ya kwenda kwenye ruta. Ofisi kubwa huipenda njia hiyo kwa sababu fundi wao anaweza kuweka mfumo kwenye mashine mia bila kuinuka kitini. Ujumbe ukitokea kisha Windows ikawaka, maana yake mtandao umewekwa juu ya diski kwenye orodha. Ushushe na yaishe. Ukitokea, kisha ukafuatwa na “No bootable device” au “Operating System not found”, basi BIOS ilijaribu diski pia na haikupata mfumo inaoutambua. Sasa ingia BIOS utazame jambo moja: jina la diski linaonekana? Likionekana na ukubwa wake, diski inaongea, na shida iko kwenye mfumo au kwenye mipangilio. Lisipoonekana, ndipo ufungue kasha na kugusa kebo.

Kompyuta za mwalimu yule zilionyesha majina ya diski. Zilikuwa zimefutwa data kabla ya kusafirishwa, kama ofisi inavyopaswa kufanya. Zilihitaji mfumo tu.

“Flashi nimeiweka ya kwanza, lakini haisomi”

BIOS ya zamani huorodhesha tu kile ilichokiona ilipowashwa. Ukichomeka flashi ukiwa tayari ndani ya BIOS, haitaionyesha. Zima, chomeka, washa.

Kisha kuna mtego ambao bado unawapiga hata mafundi. BIOS nyingi za miaka ya 2000 huihesabu flashi kama diski kuu. Unatafuta kwenye vifaa vya kuchomolewa, hupati. Imejificha ndani ya orodha nyingine ndogo iitwayo “Hard Disk Drives” au “Hard Disk Boot Priority”, ikiwa ya pili nyuma ya diski yenyewe. Ipandishe humo kwanza, ndipo orodha kubwa itakubali.

Matundu ya buluu ya USB 3.0 kwenye mashine za mwanzo wa miaka ya 2010 pia yanaweza kukuangusha, kwa sababu BIOS za wakati huo hazikuyajua yote. Tumia jeusi. Na ukitoka, hifadhi. Kwa kawaida ni F10. Esc hutoka na kuacha kila kitu kilivyokuwa.

Mimi binafsi siigusi orodha nikitaka tu kuweka mfumo. Natumia ile menyu ya mara moja. Ukiiacha flashi juu kabisa, kompyuta ikijizima na kuwaka katikati ya kazi itaanza tena usakinishaji kutoka mwanzo, na mtu atakaa pale mchana kutwa akichagua lugha.

“Nakili faili la ISO kwenye flashi, inatosha”

Haitoshi. Faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima ya usakinishaji ndani ya faili moja, likikaa kwenye flashi kama picha ya harusi, BIOS haioni cha kubuti. Linahitaji kuandikwa kwa programu kama Rufus, au uiandae flashi kwa Ventoy kisha ndipo unakili ISO ndani yake.

Dhana hii haifi kwa sababu kuna wakati inakaribia kuwa kweli: kwenye mashine ya UEFI (mrithi wa kisasa wa BIOS), ukifungua ISO na kunakili yaliyomo kwenye flashi ya FAT32 (namna mojawapo ya kupanga faili), inaweza kuwaka. Ila FAT32 haikubali faili moja lifikie GB 4, na Windows za siku hizi mara nyingi huwa na faili la “install.wim” lililovuka hapo.

“Diski ilikuwa inafanya kazi jana kwenye mashine nyingine, kwa hiyo hii mazabodi ni mbovu”

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, kwa hiyo twende polepole.

Kuna namna mbili za kubuti. Ya zamani, inayoitwa Legacy au CSM, husoma sekta ya kwanza ya diski iliyogawanywa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski. Ya UEFI hutafuta faili ndani ya kizigeu (sehemu ya diski) chake maalumu, kwa kawaida kwenye diski ya GPT, mtindo mpya wa kugawa. Windows iliyowekwa kwa namna moja haitawaka kwa nyingine. Diski ni nzima, mfumo ni mzima, na bado skrini itasema hakuna kitu. Mashine za kati ya mwaka 2011 na 2018 hivi nyingi zinaweza zote mbili, na hizo ndizo zimejaa madukani.

Kwa hiyo ukihamisha diski kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, badilisha namna ya kubuti ndani ya BIOS kabla ya kumlaumu mtu. Kwenye menyu ya mara moja, flashi moja inaweza kutokea mara mbili: mara na neno “UEFI” mbele, mara bila. Si hitilafu. Ukichagua ile isiyo sahihi, Windows itakataa baadaye ikikwambia diski ina mtindo wa GPT au MBR isiouweza. Rudi, chagua nyingine, usiifute diski yenye kazi za mtu. Na Rufus nayo itakuuliza swali hilohilo unapoandaa flashi, kwa hiyo ijue mashine yako kwanza.

Secure Boot, kinga ya UEFI inayoruhusu tu mfumo wenye sahihi inayotambulika, watu huizima kwa mazoea. Kompyuta ya kabla ya Windows 8 ya mwaka 2012 kwa kawaida haina hata kitu hicho, na mfumo wa Ubuntu huwaka nayo ikiwa imewashwa.

“Toa betri ya mazabodi, kila kitu kitapona”

Betri ile ya duara, CR2032 ya volti 3, hulinda saa na mipangilio mashine ikiwa haina stima. Ikichoka, saa inarudi miaka nyuma, na dalili ya kwanza ambayo mtu huona si BIOS bali kivinjari: kila tovuti inasema muunganisho si salama, kwa sababu vyeti vya tovuti vina tarehe. Shule zinazozima swichi kubwa kila jioni hula betri hizi haraka zaidi, maana kompyuta iliyochomekwa ukutani huilisha saa kwa stima ya ukutani.

Kubadilisha betri iliyochoka ni sawa kabisa. Kuitoa kama dawa ya kila ugonjwa ndiko kunakoleta ugonjwa mpya. Mipangilio ikirudi ya kiwandani, namna ya SATA (jinsi mazabodi inavyozungumza na diski) inaweza kuruka kutoka AHCI kwenda RAID, jambo la kawaida kwenye Dell, na Windows iliyokuwa inawaka vizuri inaanguka kwenye skrini ya buluu ya “Inaccessible Boot Device”. Mwenye mashine ataapa kwamba fundi ameharibu diski. Piga picha ya kila ukurasa wa BIOS kwa simu kabla hujagusa betri. Ukikuta skrini hiyo baada ya kuitoa, rudisha SATA ilivyokuwa.

Na nywila? Kwenye kompyuta nyingi za mezani, kuna kijumpa (kifuniko kidogo cha kuunganisha pini za mazabodi) cha kuifuta. Kwenye laptopu za ofisi kama ThinkPad, nywila ya msimamizi imehifadhiwa kwenye chipu isiyotegemea betri. Itoe wiki nzima ukitaka, nywila itakungoja palepale.

“Sasisha BIOS kwanza”

La, isipokuwa kuna tatizo ambalo kampuni imesema sasisho hilo linalitatua. Stima ikipotea katikati ya kuandika chipu, na mvua za jioni za huku tunazijua, unaweza kubaki na mazabodi isiyowaka kabisa. Kama ni lazima, hakikisha laptopu ina betri iliyojaa, au kompyuta ya mezani iko kwenye UPS (betri ya akiba).

“Skrini haionyeshi kitu, nirekebishe orodha ya kubuti”

Bila picha hakuna orodha ya kurekebisha. Feni ikizunguka na milio ikasikika, anza na RAM: zichomoe, safisha meno yake kwa kifutio, rudisha moja moja.

“Dukani iliwaka, basi iko sawa”

Iliwaka Windows. Mwombe muuzaji aizime na aingie BIOS mbele yako. Tazama kama inaomba nywila, kama diski na RAM zinaonekana kwa ukubwa ulioambiwa, kama saa ni ya leo. Kwenye laptopu za ofisi tafuta pia mstari wa “Computrace” au “Absolute”; ukisomeka “Activated”, huenda kampuni ya kwanza bado ina uwezo wa kuifuatilia. Muuzaji akisema nywila ya BIOS haina shida, aiondoe yeye mwenyewe kabla hujatuma M-Pesa.