Jairo ya mkia na servo yake: nani anafanya nini kwenye helikopta ya rimoti

Panga kuu la helikopta likizunguka upande mmoja, mwili wake hutaka kuzunguka upande wa pili. Panga dogo la mkia limewekwa kuuzuia. Shida ni kwamba nguvu ya kuuzuia haitulii: ukipanda ghafla inabadilika, upepo ukipiga ubavuni inabadilika tena. Kidole kwenye kijiti cha rimoti hakiwezi kuyawahi yote hayo, kwa hiyo kazi hiyo amepewa jairo.

Jairo ni kipimo cha mgeuko. Zamani ilikuwa na visahani vinavyozungushwa na kimota ndani yake. Siku hizi ni chipu yenye vipande vidogo mno vinavyotetema. Inachokijua ni kimoja tu: helikopta inageuka kwa kasi gani, na kuelekea upande upi. Misuli ni ya servo ya mkia, yaani kimota chenye mkono mdogo, ambayo husukuma ufito mrefu unaobadilisha pembe ya mapanga ya mkia. Jairo huagiza, servo hutenda. Ufito ukiwa mzito au gololi zake, yaani viungo vya mviringo kwenye ncha zake, zimelegea, agizo zuri litafika limechelewa, na lawama atabebeshwa jairo.

Jairo nyingi zina modi mbili. Katika modi ya kawaida, jairo hupinga mgeuko wowote ambao hukuuomba, lakini mgeuko ukishakoma, basi. Haijali pua imebaki inatazama wapi. Katika modi ya kushika uelekeo, jairo huweka daftari la madeni. Upepo ukiigeuza helikopta nyuzi kumi, deni huandikwa, na servo huendelea kusukuma mpaka pua irudi ilikokuwa. Hapa hata maana ya kijiti hubadilika. Hakiamuru tena pembe ya mapanga, kinaamuru kasi ya kugeuka, na kikiwa katikati maana yake ni “usigeuke”.

Ndiyo maana wageni wa modi hii hushtuka mezani. Unasukuma kijiti, unakiachia, servo hairudi katikati. Si mbovu. Umeagiza helikopta igeuke, nayo imekaa tuli juu ya meza, kwa hiyo deni halijalipwa.

Kwa sababu hiyo mkia hupangwa kwanza katika modi ya kawaida, nyaya za mota zikiwa zimechomolewa. Servo ikiwa katikati, mkono wake uwe wima kwa ufito, yaani nyuzi 90, kisha urefu wa ufito urekebishwe mpaka mapanga ya mkia yawe na pembe kidogo ya kupambana na msukumo wa panga kuu. Yakiwa bapa kabisa, helikopta itaanza kugeuka mara tu inapoacha ardhi. Kipimo kamili hupatikana hewani: irushe ikae mahali pamoja katika modi hiyo hiyo, na kama pua inahama, shuka ubadilishe urefu wa ufito. Usitumie trimu ya rimoti, yaani kitufe kinachosogeza kidogo kidogo katikati ya kijiti. Ukishahamia modi ya kushika uelekeo, trimu husomwa kama agizo la kugeuka polepole bila kukoma. Na ule mchanganyo wa rimoti unaosogeza mkia kufuata nguvu ya mota uzimwe pia.

Kabla servo haijachomekwa, angalia inataka mpigo wa urefu gani, yaani ile ishara fupi ya umeme inayoiambia ikae wapi. Servo nyingi hukaa katikati mpigo ukiwa wa mikrosekunde 1520. Baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mkia hutumia 760, na ukikosea kati ya hizo mbili servo itajisukuma hadi mwisho na kung’ang’ania hapo. Kosa lingine ni kuipa servo ya analogi maagizo 333 kwa sekunde, kasi ambayo ni ya servo za dijitali. Analogi hupata joto na kuungua.

Upande wa servo na upande wa jairo ni mambo mawili, na kuliweka sawa la kwanza hakuliweki sawa la pili. Kijiti kikienda kulia, pua iende kulia. Tazama pua, mkia utakuchanganya. Kisha inua helikopta kwa mkono, igeuze pua kushoto kwa haraka, na servo ielekee kule kule ilikokwenda ulipotia kijiti kulia. Ikienda kinyume, jairo itauongeza mgeuko badala ya kuupinga, na helikopta itazunguka kama pia kabla hujajua kilichotokea. Jaribio hili ni la sekunde tano, na mimi hulirudia kila nikigusa mpangilio wowote.

Kinachofuata ni mipaka ya mwendo: servo ifikishe kitelezi cha mkia, yaani kipande kinachosogezwa na ufito ili kubadilisha pembe ya mapanga, karibu na mwisho pande zote mbili bila kugota. Ukilazimika kuibana sana mipaka hiyo, gololi iko mbali mno kwenye mkono wa servo, isogeze ndani.

Unyeti, ambao wenye fani huuita geini, hutafutwa ukiruka. Mkia ukitikisika kulia na kushoto kwa haraka, punguza. Ukisimama kwa ulegevu baada ya kugeuka, ongeza. Kama ni lazima uushushe sana ndipo utulie, acha rimoti, chomoa ufito na usogeze kitelezi kwa kidole. Mara nyingi utakuta kinakwama.

Kila unapowasha, iache helikopta bila kuigusa kwa sekunde chache. Wakati huo jairo inajifunza kutogeuka kukoje, na ikitikiswa hapo itaruka ikiamini kwamba mgeuko mdogo ndio utulivu.