720,720: namba inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16

Kikoba cha akina mama wauza viazi pale Mwanjelwa, Mbeya, kikivunjwa mwisho wa mwaka, kazi ni kugawana. Tuseme kuna shilingi 1,000,000. Wakiwa 7, kila mmoja anachukua 142,857 na shilingi 1 inabaki. Wakiwa 11, inabaki shilingi 1. Wakiwa 13, vilevile shilingi 1. Milioni inapendeza machoni, lakini kwenye mgao inasumbua.

Sasa weka mezani 720,720. Wakiwa 7, kila mmoja 102,960. Wakiwa 11, ni 65,520. Wakiwa 13, ni 55,440. Wakiwa 16, ni 45,045 (hizo 45 za mwisho labda mtumiane kwa simu). Hakibaki kitu, na hii ndiyo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16. Kwa lugha ya darasani, ni KDS ya namba hizo, yaani kigawe kidogo cha shirika.

Inapatikanaje? Wengi wangezidisha 1 × 2 × 3 mpaka 16, wakafika 20,922,789,888,000. Jibu hilo linagawanyika kweli, ila ni kubwa bila sababu. Ukishaweka 3 na 4, 12 imeshaingia yenyewe. Kuizidisha tena ni kurudia kazi. Kinachotakiwa ni namba tasa tu, kila moja mara nyingi kadiri inavyohitajika mahali inapotumika zaidi. Namba 16 inadai 2 mara nne, 9 inadai 3 mara mbili, na 5, 7, 11 na 13 zinatosha mara moja moja. Basi: 16 × 9 × 5 = 720, na 7 × 11 × 13 = 1,001. Zidisha 720 kwa 1,001 utaona kwa nini 720 inajirudia.

Kuhesabu vigawo vyake vyote hakuhitaji kuviorodhesha. Katika kuunda kigawo, 2 unaweza kuiacha, au kuichukua mara moja, mbili, tatu au nne: njia 5. Kwa 3 zipo njia 3, na kwa kila moja ya zile nne zilizobaki, njia 2. 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Milioni, pamoja na ukubwa wake, ina vigawo 49 tu, kwa sababu imejengwa kwa 2 na 5 peke yake. Hakuna namba iliyo chini ya 720,720 yenye vigawo 240. Namba za aina hii, zenye vigawo vingi kuliko namba yoyote iliyo ndogo kuliko zenyewe, Srinivasa Ramanujan, Mhindi aliyekuwa Cambridge, alizichambua kwa kina mwaka 1915.

Akiingia mwanachama wa 17, zinabaki shilingi 5. Kwa kuwa 17 ni namba tasa, hakuna njia ya mkato: zidisha yote kwa 17, upate 12,252,240. Wa 18 akija baadaye hadai nyongeza, maana 2 na 9 zilishakuwemo. Wa 19 ndiye atakayewasumbua tena.