Kitimoto chenye muhuri wa mkaguzi bado kinahitaji moto

Ukikuta ulimi au shavu la nguruwe limechanjwa kwenye bucha hapa Moshi, usidhani umeuziwa nyama iliyochezewa. Hiyo ni kazi ya mkaguzi wa nyama.

Nguruwe hukaguliwa kwanza akiwa hai: anavyosimama, anavyopumua, na ngozi yake. Akishachinjwa, mkaguzi hupasua misuli ya taya, ulimi, moyo, bega na kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kwa kuwa lava (mtoto) wa tegu, yule mnyoo bapa wa tumboni, hupenda misuli inayofanya kazi muda wote. Anatafuta vifuko vyenye maji, vikubwa kama punje ya mchele hadi harage, vyenye kidoa cheupe ndani. Vikiwa vimeenea, mzoga mzima hutupwa.

Shida ni nguruwe mwenye vifuko vichache. Huyo hupita hata kwa mkaguzi makini, maana hawezi kukatakata kila msuli na bado kukawa na nyama ya kuuza. Anayechinjwa nyuma ya nyumba usiku, bila ukaguzi wowote, ndiye wa kuogopwa zaidi.

Kwa hiyo moto ndio unaomalizia kazi. Ndani ya nyama joto lifike nyuzi 70. Kitimoto cha kuchoma kwa vipande vikubwa hudanganya: nje kimeungua, katikati bado chekundu. Kata vipande vidogo, na maji yanayotoka yasiwe na wekundu. Kugandisha pia huua lava, ila ni kwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10 au zaidi. Friji ya nyumbani inayokatikiwa umeme usiitegemee.

Nyama yenye lava hukupa tegu tumboni. Lakini kifafa cha tegu hutokana na kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, kisha lava kujenga vifuko kwenye ubongo. Hata asiyekula nguruwe anaweza kukipata kupitia kachumbari iliyokatwa kwa mikono isiyonawa. Bwana afya akikagua jiko la kitimoto na kuulizia choo na sabuni, hajapotea njia.

Mpishi anayeona vipande vyeupe bapa kwenye choo aende kituo cha afya. Kama amewahi kuanguka kifafa amweleze daktari kabla ya kumeza dawa, kwani baadhi ya dawa za tegu huweza kuchochea degedege kwa mwenye vifuko kwenye ubongo.