Viendelezi vya cheti ni kazi ya sera, si ya mwombaji

Mafundi wenzangu wa Unguja na Pemba wanaojitengenezea vyeti vya kidijitali vya ndani ya ofisi, vile ambavyo seva hujitambulishia, huniuliza: seva ya Chake Chake imepata cheti, mbona kivinjari bado kinagoma? Kwanza tazama viendelezi, yaani sehemu za ziada zinazobeba maelezo ndani ya cheti. Tangu toleo la 58 la mwaka 2017, kivinjari cha Chrome hakisomi tena jina la seva mahala pa zamani (Common Name). Kinalitafuta kwenye kiendelezi cha majina mbadala, namba 2.5.29.17. Kiendelezi hicho hakipo, basi cheti kinakataliwa.

Nani akiweke? Hapo ndipo programu jalizi ya sera (moduli) inapoingia. Inakaa baina ya ombi na saini: inapokea ombi, inalikagua, kisha inakataa, inaliweka kiporo au inaruhusu. Katika mamlaka ya vyeti ya Microsoft, yaani programu inayotoa na kusaini vyeti, ukaguzi huo hufanyika ndani ya kitendaji cha VerifyRequest, na kiendelezi huongezwa kwa kitendaji cha SetCertificateExtension. Saini ikishapigwa, huongezi kitu. Ukibadilisha hata baiti moja cheti kimeharibika. Na kwa kuwa moduli inayofanya kazi ni moja tu kwa wakati, ukiandika yako iite kwanza ile ya asili, halafu ongeza lako. Kuandika yote upya ni kujitafutia balaa.

Sasa penye hatari. Wengi, kwa kutaka wepesi, huwasha mpangilio wa EDITF_ATTRIBUTESUBJECTALTNAME2 ili mwombaji ajitajie majina mbadala atakayo. Maana yake mfanyakazi yeyote mwenye ruhusa ya kuomba cheti cha kuingilia mtandaoni anaweza kuandika jina la msimamizi mkuu, na mamlaka ikamtilia saini. Hata sheha hakugongei muhuri kwa kila ulichojiandikia kwenye fomu. Majina yatoke kwenye daftari la ofisi, na moduli iyalinganishe.

Jambo dogo: kiendelezi ulichokibuni mwenyewe usikipe alama ya ulazima. RFC 5280, kiwango cha vyeti hivi, inaitaka programu isiyokielewa kiendelezi cha lazima ikikatae cheti kizima, na printa zetu hazielewi mengi.

Kuangalia kwako, andika `certutil -getreg policy\EditFlags`. Ukiuona mpangilio ule wa EDITF_ATTRIBUTESUBJECTALTNAME2, hakikisha kwanza hakuna seva inayoutegemea, kisha uondoe kwa `certutil -setreg policy\EditFlags -EDITF_ATTRIBUTESUBJECTALTNAME2` na uwashe upya certsvc, huduma ya mamlaka ya vyeti.