Soko huria la anga: lilifungua nini, liliacha nini, na kiti kilibanwaje

Soko huria la usafiri wa anga ni hali ambayo shirika la ndege lenye leseni huamua lenyewe liende wapi, lirushe ndege mara ngapi kwa siku na litoze nauli gani, bila kuomba kibali cha serikali kwa kila uamuzi. Usalama haumo. Ukaguzi wa ndege, leseni za marubani, saa za kupumzika na idadi ya milango ya dharura hubaki mikononi mwa mamlaka hata pale nauli zinapoachiwa kabisa. Mambo haya mawili yakichanganywa, mjadala wa nani aliyetubana kwenye viti huharibika kabla haujaanza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Marekani. Nchi hiyo imeishi chini ya mifumo yote miwili, na siku ya kuvuka inajulikana: 24 Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria ya kuondoa udhibiti wa biashara ya ndege.

Kabla ya hapo, kwa miaka 40, kila kitu kilipitia kwenye bodi ya serikali iliyojulikana kwa kifupi kama CAB. Bodi iligawa ruti na kupanga nauli, na katika kipindi chote hicho haikumruhusu hata mgeni mmoja kuingia kwenye safu ya mashirika makubwa ya kitaifa. Shirika lililotaka ruti mpya liliomba, washindani wakapinga, na shauri likaweza kukaa miaka. Nauli ilitokana na gharama za mashirika pamoja na faida iliyoonekana ya haki. Katika hesabu za miaka ya 1970, bodi ilichukulia kwamba ndege inajaa kwa asilimia 55 tu. Kwa maneno mengine, abiria aliyekaa alilipia pia sehemu ya kiti kitupu kilicho karibu naye.

Basi raha ile inayosimuliwa ya zamani ilitoka hapo. Mashirika hayakukatazwa kushindana; yalikatazwa kushindana kwa bei. Yakashindania vilivyobaki: chakula, idadi ya safari kwa siku, sebule za kupumzikia ndani ya ndege. American Airlines ilifika hadi kuweka kinanda kwenye Boeing 747 zake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwenye ruti za kimataifa, ambako nauli zilipangwa kupitia umoja wa mashirika, IATA, mwaka 1958 kulizuka ugomvi mzito kuhusu sandwichi: shirika la Marekani la Pan Am lililalamika kwamba SAS, shirika la nchi za Skandinavia, linawapa abiria wa daraja la bei nafuu mikate iliyosheheni nyama kuliko makubaliano yalivyoruhusu. Msafiri wa basi la mikoani Tanzania hatashangaa. Nauli ikishawekewa kikomo na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, makampuni hushindania kiyoyozi, soda na upana wa kiti.

Lakini raha kubwa kuliko kinanda wala sandwichi ilikuwa kiti cha katikati kisicho na mtu. Leo ndege za Marekani hujaa kwa zaidi ya asilimia 80. Hata inchi zote za zamani zingerudishwa, hisia ya nafasi isingerudi, maana bega la jirani limeshakuwepo.

Ufa ulitokea California na Texas. Mamlaka ya CAB ilihusu safari zinazovuka mpaka wa jimbo. Shirika lililoruka ndani ya jimbo moja halikuwa chini yake. PSA, shirika la California, ilitoza kati ya Los Angeles na San Francisco karibu nusu ya nauli iliyotozwa kati ya Boston na Washington, umbali unaokaribiana, na ilipata faida. Southwest ikaanza kuruka ndani ya Texas mwaka 1971 kwa mtindo huohuo. Mwaka 1975 Seneta Edward Kennedy aliendesha vikao vilivyoweka nauli hizo mezani, na mwaka 1977 mchumi Alfred Kahn akakabidhiwa uenyekiti wa CAB, akaanza kulegeza masharti hata kabla ya sheria kupita. Bodi yenyewe ilifungwa rasmi mwanzoni mwa 1985.

Nauli zilishuka sana ukiondoa mfumuko wa bei, na idadi ya abiria ikaongezeka mno. Wala si jambo la kupuuza: mfanyakazi wa kawaida aliyesafiri kwa basi siku mbili kwenda kuzika mzazi alipata njia ya kufika siku hiyohiyo. Anayesema mfumo wa zamani ulikuwa bora kwa abiria anamzungumzia abiria aliyekuwa na uwezo wa kuupanda.

Kiti sasa. Kipimo kinachotangazwa huchukuliwa kutoka alama moja ya kiti hadi alama ileile ya kiti cha mbele yake. Zamani daraja la kawaida lilikuwa na inchi 34 au 35, yaani kama sentimeta 86 hadi 89. Leo mashirika makubwa hutoa 30 au 31, na ya bei ya chini kabisa hufika 28, sentimeta 71. Angalia kwamba kipimo hicho kinameza unene wa mgongo wa kiti. Ndiyo maana viti vipya vyembamba vinaweza kukupa nafasi ileile ya goti kwa inchi moja pungufu, ila kwa sponji nyembamba utakayoijua saa ya tatu ya safari.

Kwa nini inchi moja inagombaniwa hivyo? Chukua Boeing 737-800 yenye safu 30 za daraja la kawaida. Ukipunguza inchi moja kila safu umepata inchi 30, ambazo zinatosha safu nzima ya viti sita. Ndege ikiruka mara tano kwa siku, hivyo ni viti 30 zaidi vya kuuza kila siku, na mafuta yanaongezeka kidogo tu. Upana wa kiti ni habari nyingine, huo unafungwa na mwili wa ndege. Viti sita kwa safu ndani ya 737 hupata kama inchi 17 kila kimoja. A320 ina tumbo pana kidogo, hivyo hufika 18.

Kanuni ya serikali inaweza kubadili hesabu hiyo bila hata kutaja starehe. Marekani hudai mhudumu mmoja kwa kila viti 50. JetBlue ilikuwa na viti 156 kwenye A320 zake, hivyo ililazimika kuweka wahudumu wanne. Desemba 2006 ikatangaza kung'oa safu moja ibaki na viti 150. Wahudumu wakawa watatu, ndege ikawa nyepesi, na abiria wakapata miguu kunyooka zaidi. Starehe ilikuja kwa sababu kuipa kulikuwa nafuu kuliko kuinyima.

Pale ilipotolewa kwa imani tu, haikudumu. Mwaka 2000 American iliondoa viti zaidi ya 7,000 katika ndege zake ili kupanua nafasi daraja zima la kawaida. Abiria walifurahi, lakini hawakuongeza nauli ya kutosha kuifidia, na kuanzia 2003 viti vikaanza kurudishwa. Kwenye kioo cha kutafutia tiketi safari hupangwa kwa bei, na ile yenye nafuu ya dola 10 hukaa juu, inchi hazionekani. Mwaka 2008 American ikaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza, na wenzake wengi wakafuata. Huduma zilizokuwa ndani ya nauli zikavunjwa vipande na kila kipande kikapewa bei yake.

Mpaka hapa mtetezi wa soko atasema watu walipewa walichochagua. Hoja hiyo ina nguvu pale tu ambapo kuna cha kuchagua, na hapo ndipo ukiritimba unapoingia.

Soko la ndege si nchi nzima, ni jozi ya miji. Takwimu ya kitaifa inaweza kuonyesha mashirika kumi, wakati mkazi wa Charlotte anakuta karibu kila ndege ina nembo ya American, na wa Atlanta anaikuta Delta. Uwanja wa namna hiyo ni ngome. Mikataba mirefu ya mageti humwacha mgeni bila pa kuegesha ndege. Makampuni ya mjini yana mikataba ya punguzo. Pointi za msafiri wa mara kwa mara, mpango ulioanzishwa na American mwaka 1981, humfanya akatae tiketi rahisi ya mpinzani. Kwenye viwanja vilivyojaa kama LaGuardia wa New York na Reagan National wa Washington kuna kikwazo kigumu zaidi: idadi ya kutua na kuruka imewekewa kikomo, na nafasi nyingi ziko mikononi mwa wakongwe.

Hata serikali iliyotangaza uhuru ilijenga kuta zake. Mara tu baada ya 1978, Bunge la Marekani liliifunga Southwest isiuze safari za kutoka uwanja wa Love Field, Dallas, kwenda mbali zaidi ya Texas na majimbo ya jirani, na kwa kufanya hivyo likaulinda uwanja mpya wa Dallas/Fort Worth. Mpaka huo uliondolewa kabisa mwaka 2014.

Kisha ikaja miungano: Delta na Northwest mwaka 2008, United na Continental 2010, Southwest na AirTran 2011, American na US Airways 2013. Mashirika manne yakabaki na takriban asilimia 80 ya safari za ndani. Wizara ya Sheria ilifungua kesi dhidi ya muungano wa mwisho, kisha ikakubali yaishe kwa sharti la kuachia nafasi na mageti kwenye viwanja kadhaa. Kwa maoni yangu lilikuwa kosa kuruhusu yote manne mfululizo. Sheria ya 1978 ilitegemea wapinzani wawepo.

Kuhusu kiti chenyewe, mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Washington iliitaka mamlaka ya anga, FAA, ieleze upya kwa nini haikuona haja ya kuweka kikomo. Mwaka 2018 Bunge likaiagiza iweke vipimo vya chini vinavyohitajika kwa usalama. Kigezo cha usalama ni sekunde 90: ndege iliyojaa iwe tupu ndani ya muda huo huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Majaribio yakafanyika Oklahoma City kwa watu wazima wenye afya, miaka 18 hadi 60. Watoto na wazee hawakuwemo, na hao ndio wanaokwama kwenye safu.

Afrika ilipita njia nyingine. Azimio la Yamoussoukro la 1999 lilikusudia kufungua anga ya bara, lakini ruti nyingi bado hutegemea mikataba ya nchi mbili inayotaja nani aruke na mara ngapi kwa wiki. Tanzania iliona tofauti Fastjet ilipoanza safari za Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro mwishoni mwa 2012. Iliposimama Desemba 2018, chaguo la bei ya chini kwenye ruti hizo liliondoka nayo.

Ukinunua tiketi, tazama kwanza ni mashirika mangapi yanayoruka ruti hiyo bila kuunganisha. Likiwa moja, kusubiri bei ishuke mara nyingi hakusaidii. Linganisha jumla ya nauli, begi na kuchagua kiti, kamwe si nauli peke yake. Kisha tafuta aina ya ndege na inchi za kiti. Epuka safu mbili za mwisho, ambako mwili wa ndege huanza kufinyika. Safu ya mlango wa dharura ina nafasi ya miguu, ila meza hukaa ndani ya mkono wa kiti na kupunguza upana. Mwenye nyonga pana atapata nafuu zaidi kwenye safu ya kawaida upande wa njia.