Bima ya Safari na Ugonjwa Ulioondoka Nao Nyumbani

Msimu wa safari za Ulaya za katikati ya mwaka ukishapita, meza zetu za madai ya bima hujaa barua zenye swali lilelile: nimelipia bima, cheti ninacho, ubalozi wenyewe umekikubali, iweje kampuni ikatae kulipa hospitali? Ukiisoma barua hadi mwisho, mara nyingi utakuta mgonjwa alilazwa kwa presha, sukari, moyo au figo, na maradhi hayo alikuwa nayo kabla hajapanda ndege.

Tukianza na hicho cheti, Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, Namba 810 ya mwaka 2009, inamtaka mwombaji wa viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, awe na bima isiyopungua yuro 30,000. Bima hiyo itambulike katika nchi zote za Schengen kwa muda wote wa ziara, na igharimie matibabu ya haraka, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na kifo. Ofisa wa viza hukagua kiasi, tarehe na nchi. Hakuulizi unameza vidonge gani. Kwa hiyo "ubalozi umeipitisha" si hoja mbele ya ofisa madai, na tunawaomba wananchi waache kuitegemea. Mkataba ni ile hati ndefu iliyokuja kwenye barua pepe pamoja na cheti, na sehemu ya kusoma kwanza ni ile ya mambo yasiyofidiwa. Haikufichwa. Imeandikwa kwa herufi ndogo mno, hilo tunalikubali, na kampuni zinapaswa kulirekebisha.

Mikataba mingi huhesabu kuwa ugonjwa wa awali ni ule ulioshapimwa na kujulikana, unaotumia dawa, uliowahi kupewa ushauri wa daktari, au ambao dalili zake zilikuwapo hata kama jina lake hulijui bado. Kipimo unachosubiria majibu nacho kimo. Hapa ndipo tunapojibiwa, "Lakini mimi siumwi, natumia dawa tu." Ndugu mwananchi, asiyeumwa hamezi amlodipine, dawa ya presha, kila asubuhi. Presha iliyoshuka kwa sababu ya dawa bado ni presha, na daktari wako anakwambia hivyohivyo kila kliniki.

Jambo ambalo kwa kweli wengi hawalijui, na hatuwalaumu, ni sharti la utulivu. Baadhi ya mikataba hukubali kulipia dharura inayotokana na ugonjwa wa awali endapo ugonjwa huo umetulia kwa kipindi fulani kabla ya safari, mara nyingi siku 90 au 180. Kutulia maana yake hukulazwa, hukuongezewa dawa, hukubadilishiwa dozi. Sasa daktari akikupandisha kutoka miligramu 5 hadi 10 wiki mbili kabla ya kuondoka, kiafya amekufanyia jema, lakini kibima saa imeanza kuhesabu upya. Rudi kwa wakala wako umweleze kabla ya siku ya safari.

Chukua mfano wa mama wa Moshi aliyealikwa na mwanawe aliyeko Ujerumani aende kumwona mjukuu. Bima inakatwa na mwana, mtandaoni, usiku, ametoka kazini amechoka. Fomu inauliza kama msafiri ana ugonjwa wa kudumu. Anabonyeza "hapana", kwani mama hajawahi kumwambia. Wazazi wetu hawapendi kuwatia watoto wasiwasi. Wiki ya pili mama analegea upande mmoja, anakimbizwa hospitali. Daktari anauliza historia yake, mwana anatafsiri, na mama anajibu kwa uaminifu wote kwamba presha anayo tangu ujauzito wa mwisho. Kisha anafungua mkoba na kutoa bahasha za karatasi za duka la dawa, zimeandikwa kwa kalamu "1 x 2", losartan ya presha na metformin ya sukari. Yote yanaingia kwenye taarifa ya hospitali, na taarifa hiyo ndiyo inayofika kwenye meza ya madai. Watu hudhani kampuni zina wapelelezi. Mara nyingi anayetoa ushahidi ni mgonjwa mwenyewe, na amefanya vema, kwa sababu daktari hawezi kumtibu asiyemjua.

Akifariki, mambo ni magumu zaidi. Kama kifo kimetokana na ugonjwa usiofidiwa, gharama za kurudisha mwili nazo zinaweza kukataliwa, na familia ikaanza kuchangishana kwenye WhatsApp.

Kwa hiyo anayesafiri ndiye ajaze fomu, au asomewe swali moja moja na kujibu kwa mdomo wake. Ukiwa na ugonjwa, utaje, taja dawa na dozi. Kampuni inaweza kukubali kwa ada ya kawaida, kukuongezea ada, kuuweka ugonjwa huo kando usifidiwe, au kukataa. Ikikubali, dai nyongeza ya mkataba kwa maandishi. Neno la wakala kwamba "hiyo haina shida, mama" halilipi bili ya hospitali. Na anayesafiri kwenda kutibiwa, India au kwingineko, aelewe kwamba bima ya kawaida ya safari haikuandaliwa kwa ajili hiyo.

Ukiugua huko, piga namba ya dharura iliyo kwenye cheti kabla ya kulazwa, au ndani ya saa zilizoandikwa kwenye mkataba kama hali haikuruhusu. Toa namba ya bima, jina la hospitali na simu ya wodi. Utaombwa kibali cha kampuni kuisoma taarifa yako ya kitabibu. Usiposaini, faili haliendi popote. Tunza risiti halisi, muhtasari wa kuruhusiwa kutoka hospitali, vyeti vya dawa, na nakala ya pasipoti pamoja na uthibitisho wa tarehe za kuingia na kutoka. Picha ya risiti iliyokunjwa haitoshi.

Kuhusu adhabu: mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni, mkataba unaweza kutenguliwa wote, hata kwa madai ya mzigo uliopotea. Kutengeneza barua ya daktari au kurudisha nyuma tarehe ya kipimo ni kughushi, kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, na hapo suala linaondoka mezani kwetu kwenda polisi.

Lakini si kila kukataliwa ni halali. Mwenye kisukari akivunjika mguu kwenye ngazi za treni, na alikuwa amekitaja kisukari chake, kampuni haina sababu ya kuuhusisha mguu na sukari. Omba barua ya kukataliwa inayotaja kifungu cha mkataba kilichotumika. Isipotaja, irudishe. Ukishindwana na kampuni, kwa bima iliyokatwa Tanzania, kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nenda na barua hiyo, mkataba mzima na nakala ya fomu uliyojaza. Kama ilijazwa na mtoto au wakala, iombe kampuni nakala na uisome kwanza, ujue ulisemewa nini.