Countdown na wajina wake

Andika "Countdown" kwenye intaneti uone. Utaletewa vitu viwili vimechanganyika kama mchele na chuya: wimbo wa jazi wa mpiga saksafoni John Coltrane, na kipindi cha runinga cha Uingereza chenye fumbo la namba. Wengine wamekwisha kuvipa undugu.

Dhana: Kipindi kilirithi jina kwa Coltrane.
Ni wajina tu. Coltrane aliurekodi wimbo wake mwaka 1959, ukatoka katika albamu ya Giant Steps. Kipindi kilianza tarehe 2 Novemba 1982, siku Channel 4 ilipofungua matangazo, na muziki wa saa yake ya kupimia muda ni wa Alan Hawkshaw. Asili ya mchezo wenyewe ni Ufaransa, kwenye kipindi cha Des chiffres et des lettres.

Dhana: Jina linamaanisha kuhesabu kurudi nyuma, basi ndicho kinachofanyika.
Hapa ndipo huwa nacheka. Wimbo unaanza na dramu za Art Taylor peke yake, saksafoni ya Coltrane inaingia, inafuata piano ya Tommy Flanagan, kisha besi ya Paul Chambers. Wapigaji wanaongezeka! Kilichorudishwa nyuma ni melodia: wanajazi wengi huitanguliza, Coltrane kaiweka mwisho. Kwenye runinga nako, mshale unatoka juu ya saa kushuka hadi chini kwa sekunde 30, kwenda mbele kama saa yoyote ya ukutani.

Dhana: Coltrane anapuliza ovyo, haraka haraka tu.
Kasi ipo, ovyo haupo. Aliuchukua Tune Up, wimbo unaojulikana kwa jina la mpiga tarumbeta Miles Davis (wapo wanaosema mwenyewe ni Eddie Vinson), akaujaza kodi. Kodi za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si zile za TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. Mahali penye kodi tatu akaweka saba, bila kurefusha kipande. Nyongeza hizo hazikubahatishwa: oktavu, yaani mwendo wa kutoka noti moja hadi noti ya jina hilohilo juu yake, ina hatua ndogo ziitwazo nusu toni 12, yeye akaigawa mara tatu sawasawa, akawa anahama kutoka ufunguo (noti ambayo muziki unaiona nyumbani) hadi ufunguo kwa hatua za nusu toni nne: B bemoli, G bemoli, D. Mpigaji anayezifuata kodi hizo hana nafasi ya kubuni ovyo. Akichelewa kidogo tu, ufunguo umeshahama.

Dhana: Kwenye fumbo lazima utumie namba zote sita.
Si lazima. Unapewa namba sita na lengo la tarakimu tatu. Unajumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, kila namba mara moja tu, bila sehemu wala desimali katikati. Ukilipata lengo kamili, alama 10; ukikosea kwa 5 au chini, alama 7.

Chukua fumbo lililowahi kutokea kipindini: 25, 50, 75, 100, 3 na 6, lengo 952. Jumlisha 100 na 6, zidisha kwa 3, upate 318. Zidisha kwa 75, gawanya kwa 25: 954. Umetumia namba tano na umelipita lengo kwa 2 tu, alama 7 ni zako. Mshiriki mmoja hakuridhika. Alipofika 23,850, kabla ya kugawanya, akatoa 50. Zikabaki 23,800, na hizo ukizigawanya kwa 25 ni 952 kamili.